Mvinyo na vyakula katika Karatu na Ngorongoro

Mvinyo na vyakula katika Karatu na Ngorongoro ni makala inayohusu jinsi mvinyo (au divai) unavyoonjwa na kulinganishwa na vyakula vya kila siku na vya sikukuu katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Mvinyo ni kinywaji chenye alkoholi kinachopatikana kwa kuchachusha maji ya zabibu. Jina lenyewe limetokana na neno la Kireno *vinho*. Katika makanisa na katika tafsiri za Biblia neno linalotumika zaidi ni "divai".

Karatu na Ngorongoro hazijulikani kwa kilimo cha zabibu. Mvinyo unaonywewa huko hutoka hasa Dodoma au nje ya nchi, kwa wingi Afrika Kusini. Hata hivyo eneo hili lina hoteli nyingi za watalii, makanisa yanayotumia divai katika ibada, na sherehe za arusi na sikukuu ambazo mvinyo umekuwa sehemu yake.

## Mazingira na watu

Mji wa Karatu uko katika mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara ya lami itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi lango la Hifadhi ya Ngorongoro. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una mwinuko wa mita 2,200 hadi 2,400, na ziwa Eyasi, kusini-magharibi, liko kwenye mita 1,030 hivi. Tofauti hizo za mwinuko hufanya hali ya hewa ibadilike sana katika umbali mfupi: ukingoni mwa kreta kuna ukungu na baridi, wakati bonde la Eyasi lina joto kali.

Wenyeji wengi wa Karatu ni Wairaqw, waitwao pia Wambulu. Wapo pia Wadatoga, Wahadzabe wa bonde la Eyasi na watu waliohamia kutoka mikoa mingine. Katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, wakazi wengi ni Wamasai wafugaji. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya hifadhi hiyo, hivyo unga na maharage hununuliwa katika masoko ya Karatu na kwingineko.

Wilaya ya Karatu hulima mahindi, maharage, mbaazi, ngano na kahawa, hasa upande wa Oldeani, na vitunguu huko Mang'ola. Mazao hayo pamoja na nyama na maziwa ndiyo msingi wa vyakula vinavyojadiliwa hapa chini.

## Historia

### Vinywaji vya asili

Kabla ya kufika kwa mvinyo wa zabibu, kila jamii ya eneo hili ilikuwa na kinywaji chake cha kuchachusha. Wairaqw walipika pombe ya nafaka, hasa mtama na ulezi. Wadatoga na Wamasai walitengeneza pombe ya asali, ambayo ilikuwa kinywaji cha wazee na cha sherehe: maji na asali huchachushwa karibu na moto kwa siku kadhaa. Kinywaji hicho ni ndugu wa karibu wa mvinyo kuliko pombe ya nafaka, kwa sababu sukari ya asali, kama ile ya zabibu, huchachuka moja kwa moja bila kuhitaji kimea.

Kwa hiyo mawazo ya kutambua ladha ya kinywaji kilichochachuka, kujua kilichoiva na kilichoharibika, na kukitenga kwa tukio maalumu hayakuletwa na mvinyo. Yalikuwepo.

### Divai ya ibada

Mvinyo wa zabibu ulifika katika sehemu nyingi za bara pamoja na wamisionari, kwa kuwa Misa ya Kanisa Katoliki huhitaji divai. Sheria ya kanisa (kanuni ya 924) inataka divai hiyo iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Walutheri nao hutumia divai katika Chakula cha Bwana. Kwa wakazi wengi wa Karatu, ambao ni Wakristo, divai ilifahamika kwanza altareni, na baadaye mezani.

### Zabibu za Dodoma

Kilimo cha zabibu mkoani Dodoma kilianzishwa na wamisionari Wakatoliki. Mwaka unaotajwa kwa kawaida ni 1957, na mahali ni misheni ya Bihawana. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ina mvua chache za msimu mmoja, jua jingi na usiku wenye ubaridi. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali, mzabibu haulali usingizi kama Ulaya. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa. Kwa njia hiyo mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka, wakati mashamba ya Ulaya huvuna mara moja.

Kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimekuwa kikishughulikia miche na aina za zabibu. Miongoni mwa viwanda vilivyotengeneza mvinyo wa Dodoma ni DOWICO, ambacho kilikuwa cha umma, CETAWICO cha Hombolo kilichoanzishwa na wawekezaji kutoka Italia mwanzoni mwa karne ya 21, na Alko Vintages. Kampuni ya Tanzania Distilleries, maarufu kwa Konyagi, nayo huuza mvinyo wenye jina la Dodoma.

### Utalii

Mashamba ya kahawa ya Karatu yaliyoanzishwa na walowezi wakati wa utawala wa Waingereza yalikuwa mwanzo wa baadhi ya hoteli. Mfano unaojulikana ni Gibb's Farm, shamba la kahawa lililoanza kupokea wageni mwaka 1972. Hoteli za Karatu na za ukingoni mwa kreta huwapa wageni mvinyo pamoja na chakula cha jioni. Wahudumu na wapishi vijana wa Karatu wamejifunza huko kufungua, kuonja na kueleza mvinyo, na ujuzi huo umekuwa sehemu ya ajira.

## Aina za mvinyo

Mvinyo hugawanywa kwa rangi, kiasi cha sukari na povu.

* Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu nyeusi. Maganda hutoa rangi na tanini, yaani kitu kinachosababisha ukakasi mdomoni. Aina ya zabibu iitwayo Makutupora hutoa sehemu kubwa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma.
* Mvinyo mweupe hutokana na maji ya zabibu yaliyotenganishwa na maganda mapema. Dodoma hutumia hasa Chenin Blanc, aina yenye asili ya Ufaransa ambayo ndiyo zabibu nyeupe inayolimwa zaidi Afrika Kusini.
* Mvinyo wa waridi huguswa na maganda kwa saa chache tu.
* Mvinyo wa povu hubaki na gesi ya dioksidi kabonia ndani ya chupa.

Mvinyo huitwa mkavu ikiwa hamira imekula karibu sukari yote, na mtamu ikiwa sukari imebaki au imeongezwa. Wanywaji wengi wanaoanza hupenda mvinyo mtamu. Chupa za Dodoma huuzwa kwa namna zote mbili, na lebo husema ni ipi.

Vipo pia vinywaji vinavyoitwa mvinyo ingawa havitokani na zabibu. Banana Investments ya Arusha hutengeneza mvinyo wa ndizi, na vikundi vidogo vya wajasiriamali hutengeneza mvinyo wa rozela. Rozela ina uchachu mwingi na rangi nyekundu, lakini ukakasi wake ni mdogo. Kwa hiyo mezani hufanya kazi kama mvinyo wa waridi kuliko mwekundu.

## Jinsi ya kuonja

Kuonja ni tofauti na kunywa. Lengo la kuonja ni kutambua kilichomo, na kiasi kidogo kinatosha. Wanaoonja kahawa hufanya vivyo hivyo: huvuta kijiko kimoja kwa sauti, huzungusha mdomoni, kisha hutema. Mtu aliyezoea kupima kahawa ya Oldeani atakuta hatua nyingi hapa si ngeni.

# Kutazama: Glasi hujazwa theluthi moja na kuinamishwa mbele ya karatasi nyeupe. Mvinyo uwe safi. Mwekundu ulioanza kuwa wa kahawia, au mweupe ulioiva rangi kama chai, huenda ni mzee au umeguswa na hewa.
# Kunusa: Glasi huzungushwa taratibu ili harufu ipande. Harufu njema huweza kufanana na matunda, maua, viungo au moshi. Harufu ya siki, ya yai bovu au ya kadibodi iliyolowa ni dalili ya kasoro.
# Kuonja: Mvinyo kidogo huzungushwa mdomoni kwa sekunde chache. Mambo matano hupimwa: utamu, uchachu, ukakasi, ukali wa alkoholi na uzito.
# Kutema au kumeza: Mwonjaji anayeonja chupa kadhaa hutema katika chombo.
# Kupima mwisho wake: Ladha inayokaa mdomoni muda mrefu na kupendeza ni alama ya mvinyo mzuri.

Uchachu hutambuliwa kwa mate kujaa mdomoni, kama baada ya kulamba ndimu. Ukakasi hutambuliwa kwa ulimi na fizi kukauka, kama baada ya kula ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyochemka mno. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, na ndiyo makosa ya kwanza yanayopaswa kurekebishwa, kwa kuwa kanuni za chakula hutegemea tofauti hiyo.

Maneno ya kueleza harufu hayana budi kutoka kwa vitu ambavyo mwonjaji anavijua. Vitabu vya Ulaya hutaja matunda ambayo hayapatikani sokoni Karatu. Zambarau, ukwaju, pera, pasheni, nanasi, ubuyu, asali, karafuu na jani la mahindi mabichi hutosha kueleza mvinyo mwingi, na msikilizaji ataelewa.

## Kanuni za kulinganisha

Chakula hubadilisha ladha ya mvinyo kuliko mvinyo unavyobadilisha chakula. Kanuni zifuatazo zina sababu zinazoeleweka:

* Mafuta na nyama hupunguza ukakasi. Tanini hushikamana na protini za nyama badala ya zile za mate, hivyo mvinyo mwekundu huonekana laini.
* Chumvi hupunguza uchungu na ukakasi. Nyama choma iliyochovywa katika chumvi huusaidia mvinyo mkali.
* Pilipili hupambana na alkoholi. Alkoholi nyingi huongeza mwako wa pilipili, nao utamu huupunguza.
* Chakula chachu huhitaji mvinyo mchachu. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo mpole uonekane kama maji.
* Kitu kitamu huhitaji mvinyo mtamu zaidi yake. Mvinyo mkavu pamoja na keki huonekana mchungu.
* Uchungu huongeza uchungu. Mnafu na ngogwe haviendi vizuri na mvinyo wenye tanini nyingi.
* Samaki na mvinyo mwekundu huweza kutoa ladha ya chuma. Madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo hukutana na mafuta ya samaki na kuleta harufu mbaya.

## Vyakula vya kila siku

Ugali hauna ladha kali, hivyo kinachoamua ni kitoweo. Ugali na maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nyanya huenda na mvinyo mwekundu mwepesi, au wa waridi. Ugali na mchicha au kabichi huhitaji mweupe mkavu. Ugali na maziwa ya mgando haufai kuambatana na mvinyo wowote: tanini na maziwa machachu hugombana, na chakula hicho kimekamilika chenyewe. Vivyo hivyo loshoro, yaani mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando.

Makande ni chakula cha kawaida cha Karatu. Kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi mjini Karatu na 92 ukingoni mwa kreta, maharage na mahindi makavu huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Dar es Salaam, na hupata ladha nzito. Makande yenye nazi au karanga hufaa Chenin Blanc yenye uchachu wa kutosha kukata mafuta. Yaliyopikwa na nyama hufaa mwekundu mwepesi.

Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe, hasa siku za mnada, ndiyo rafiki mkuu wa mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma. Mafuta, chumvi na moshi vyote husaidia. Ikiwa pilipili ni nyingi, mwekundu wenye utamu kidogo ni bora.

Samaki, wawe perege na kambale wa Eyasi au sato wa Ziwa Viktoria, huenda na mweupe mkavu uliopoa, hasa wakikaangwa na kukamuliwa ndimu. Kuku wa kienyeji wa mchuzi anaweza kwenda na mweupe mzito au mwekundu mwepesi. Mtori na ndizi nyama hufaa mweupe au wa waridi.

## Vyakula vya sikukuu

Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka huleta pilau, mbuzi, kuku, chapati na kachumbari katika meza moja. Hakuna mvinyo mmoja unaofaa vyote. Familia yenye chupa moja tu hufanya vema kuchagua wa waridi au mwekundu mwepesi usio mkavu mno: viungo vya pilau, yaani mdalasini, iliki, karafuu na binzari nyembamba, huelewana na utamu kidogo wa tunda, wakati ukakasi mkali huvifanya viwe vichungu.

Katika arusi za kaskazini, ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, hukatwa mbele ya wageni. Desturi hiyo, inayohusishwa hasa na Wachaga, imeenea hadi Karatu. Nyama yake hufaa mwekundu mkavu. Mvinyo wa povu ambao hufunguliwa wakati wa kukata keki mara nyingi ni mkavu, na hapo ndipo kanuni ya utamu husahauliwa: keki ya arusi huhitaji wa povu ulio mtamu. Ule mkavu ungetumika vizuri zaidi mapema, pamoja na sambusa na vitafunwa vyenye chumvi.

Katika siku za Kwaresima ambazo Wakatoliki hawali nyama, samaki na maharage hushika nafasi, na mweupe mkavu ndio unaofaa, kwa wale wasiofunga kileo.

## Joto na utunzaji

Mvinyo mweupe na wa povu hunywewa ukiwa na nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, na mwekundu 14 hadi 18. Usemi kwamba mwekundu unywewe kwa "joto la chumba" ulitokana na vyumba vya Ulaya vyenye ubaridi. Huko Mang'ola au Dodoma, ambako chumba huweza kuzidi nyuzi 28, chupa ya mwekundu inahitaji kuwekwa kwenye friji kwa nusu saa. Kinyume chake, ukingoni mwa kreta kati ya Juni na Agosti usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mwekundu huhitaji kupashwa kwa viganja vilivyoshika glasi.

Chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke. Isiwekwe juani dirishani mwa duka wala jikoni. Iliyofunguliwa hukaa siku mbili au tatu, na zaidi kidogo kwenye friji. Mahali pasipo na kizibuo, chupa za kifuniko cha kuzungusha ni bora, na ubora wa mvinyo haupungui kwa sababu hiyo.

## Wasiokunywa

Waislamu, Wasabato, waumini wa makanisa mengi ya Kipentekoste na watu wengine wengi hawanywi kileo. Kanuni za kulinganisha hazitegemei alkoholi. Maji ya zabibu yasiyochachushwa, juisi ya rozela, juisi ya ukwaju, chai ya rangi na kahawa ya Karatu vina utamu, uchachu na ukakasi wa kutosha kufanya kazi ileile. Juisi ya rozela yenye sukari kidogo hufaa pilau na nyama choma. Chai ya rangi, ambayo ina tanini, husafisha mdomo baada ya mafuta. Katika meza ya watu wa imani mbalimbali, kuwa na chaguo hilo lenye heshima sawa ni sehemu ya ukarimu.

## Soko na wakulima

Zabibu mbichi huharibika ndani ya siku chache baada ya kuvunwa. Mkulima mdogo wa Dodoma asiye na chumba cha baridi hulazimika kuuza kwa bei inayotajwa siku hiyo, na malalamiko ya kukosa wanunuzi wakati wa mavuno yamejirudia kwa miaka mingi. Mradi wa pamoja wa Chinangali, wilayani Chamwino, ni moja ya jitihada za kuwaweka wakulima katika shamba la umwagiliaji lenye nguvu zaidi sokoni. Serikali nayo hutoza ushuru mdogo kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini.

Kwa sababu hiyo orodha ya vinywaji ya hoteli ya Karatu ina uzito kuliko inavyoonekana. Mgeni aliyesafiri kuona kreta mara nyingi huwekewa chupa iliyosafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema, ingawa Dodoma imeunganishwa na Babati kwa barabara ya lami ya kilomita 251 iliyozinduliwa mwaka 2018, na kutoka Babati lami huendelea kupitia Makuyuni hadi Karatu. Hoteli zinazosita hutaja ubora usiolingana kutoka chupa hadi chupa na ugumu wa kupata mzigo mwaka mzima. Hoja hizo haziondolewi kwa uzalendo peke yake. Huondolewa kwa kuonja. Mhudumu anayeweza kueleza kwa nini mwekundu wa Dodoma unafaa mbuzi choma huuza chupa ambayo lebo peke yake isingeuza, na kilo za zabibu zilizomo ndani yake zimepata mnunuzi.

## Afya na usalama

Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 ya alkoholi ina takriban gramu 77 za alkoholi halisi. Glasi ya mililita 150 ina gramu 15 hivi, na chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Dhana kwamba mvinyo "haulewi" si kweli. Glasi mbili huzidi bia moja.

Katika tamko la Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha alkoholi kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Kileo hakiuzwi kwa walio chini ya miaka 18, na wajawazito wanashauriwa wasinywe kabisa. Madereva wa watalii, ambao hupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu na kushuka kretani kwa njia zenye mwinamo mkali, hawapaswi kunywa kazini. Kwao, kama kwa mwonjaji yeyote mwenye kazi mbele yake, kutema ni sehemu ya ustadi.